Sanduku Lisilofunga

Jioni hiyo Mama Zipu alifunga karakana mapema, akavuka barabara kwenda kuchukua picha za pasipoti.

Jina la Mama Zipu alipewa na wateja, naye akalipokea kama cheo. Kazi yake ni kutengeneza mabegi na masanduku ya safari: zipu zilizong'oka, magurudumu yaliyopinda, mishikio iliyokatika. Masanduku ya watu yalikuwa yameizunguka dunia na kurudi mikononi mwake, na yeye hajawahi kuvuka mpaka hata mmoja. Mganga hajigangi. Ukutani, juu ya cherehani, palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu aliyoyaandika mwenyewe baada ya mteja mmoja kumsingizia wizi wa mkufu: TOA VITU VYAKO KWANZA. KITAKACHOSAHAULIKA NI CHA FUNDI.

Lakini mwaka huu, likizo ya kiangazi, ilikuwa zamu yake. Wao wanne, nchi za nje, vituo vinne, kila mtu kachagua chake. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alitaka kuliona daraja refu linaloning'inia juu ya bahari. Kijana wao, kifungua mimba, alitaka uwanja wa mpira. Kitinda mimba, binti wa miaka sita, alitaka mlima wenye theluji isiyoyeyuka hata jua likiwaka, na alishauliza kama inaweza kurudi nyumbani ndani ya begi. Mama Zipu alichagua uwanja mkubwa wa ndege, ule wenye mikanda inayozungusha mizigo.

"Nataka kuwaona wanavyoyatupa," alisema. "Mimi nayashona, wao wanayatupa. Lazima tuonane macho kwa macho."

Mpiga picha alimkabidhi bahasha huku akihangaika kukisogeza kiti kidogo cha mbao kilichokuwa kikimkwaza mlangoni.

"Kitupe basi hicho," Mama Zipu alimwambia. "Wewe huna mtoto, cha nini?"

"Sijui hata nilikinunua lini," mpiga picha alijibu. "Kila nikitaka kukitupa, mkono unakataa." Akacheka. Kicheko hakikufika machoni.

Mama Zipu akakatiza kichochoroni nyuma ya maduka. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Kikongwe mmoja alikuwa amekaa juu ya sanduku kuukuu la ngozi lililofungwa kwa kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa marahaba ya zamani, iliyonyooka, ya mtu aliyelelewa. "Mnakwenda wapi?"

"Safari, bibi, tunakula likizo. Twende!"

Ni neno tu. Mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Akikukuta njiani, unamwambia twende. Hakuna anayekurupuka na kufunga virago. Ni adabu, na adabu haina gharama.

Kikongwe akainua uso.

"Haya," akasema.

Kisha, kwa sauti ya chini... "Ila sanduku langu halifungi."

"Lilete karakana, bibi, nitaliangalia," Mama Zipu alisema bila kusimama.

Hatua chache mbele, harufu ikamfikia. Karafuu maiti, harufu ya sanda. Ndipo alipokumbuka kuwa alikuwa peke yake, na kikongwe alimuuliza *mnakwenda*.

Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi palikuwa na mfereji mwembamba wa kitu kizito kilichokokotwa. Haukuelekea kule bibi alikokuwa amekaa. Ulikuwa umempita Mama Zipu, ukaenda mbele, kwenye njia ya nyumbani kwake.

Nyumbani aliwakuta wanacheka. Mumewe alikuwa anawafundisha watoto adabu za ugenini, na kama kawaida alijitolea mfano mwenyewe.

"Siku ya kwanza ukweni," alikuwa anasema, "nina njaa ya kula meza. Mama mkwe kaniambia, karibu chakula. Mimi kwa aibu nikasema asante. Mama mkwe akaniangalia, akachukua sahani, akaondoka nayo! Nikalala na maji."

"Si ulikataa mwenyewe," Mama Zipu akasema, akivua kandambili na wasiwasi wake. "Ukikaribishwa ukasema asante, umeshukuru na umekataa. Mama alikusikia vizuri."

Walicheka tena. Kisha macho ya Mama Zipu yakaenda ukutani, kwenye ramani. Walikuwa wameitandika nyuzi za cherehani, kila mtu na rangi yake, kutoka kituo hadi kituo. Nyekundu ya baba. Bluu ya kijana. Kijani yake. Ya njano ya kitinda mimba, ile iliyopanda hadi mlima wa theluji, haikuwepo. Pini imebaki. Uzi umekatwa, na ncha yake imelowa kama iliyolambwa.

"Nani kagusa kituo cha nne?"

"Cha nne?" mumewe akauliza. "Mke wangu, tuna vituo vitatu."

Alidhani anamtania. Mumewe hakuwa anatania.

Asubuhi, mezani, kitinda mimba alisimama pembeni huku wenzake wanakunywa chai.

"Kaa, mwanangu."

"Bibi amekaa kwenye kiti changu."

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea, na mbele yake pamewekwa kikombe, na chai ndani ya kikombe ilikuwa inapungua... kidogo kidogo... bila mtu.

"Anasema nafasi ni nne," mtoto akanong'ona. "Anasema ameshapata yake."

Mama Zipu akaipasua bahasha ya picha. Za mumewe, sawa. Za kijana, sawa. Zake, sawa. Za kitinda mimba zilionyesha kitambaa cheupe cha studio na kile kiti kidogo cha mbao. Juu ya kiti hapakuwa na mtu.

"Baba watoto," alisema, "hebu tutajie tunaosafiri."

"Mimi, wewe, kijana, na bibi."

"Bibi yupi?"

Mumewe akahesabu kwa vidole. "Bibi... si bibi tu?" Na mtoto wake wa kumzaa alikuwa amesimama pale, kamshika shati, na yeye anajikuna kana kwamba ni nzi.

Siku nzima Mama Zipu alikaa karakanani, binti yake akicheza nje ya mlango, huku akilitaja jina la binti yake kimoyomoyo kila anapokanyaga cherehani. Mteja alikuja na begi la mgongoni. Akaja mwingine na gurudumu. Kazi ikakolea, mawazo yakahama, na jua likaanza kushuka. Kivuli kikaingia mlangoni. Akainua macho akamwona mtoto mdogo wa kike, mguu mmoja una ndara ya njano, mwingine uko peku.

"Mtoto wa nani wewe?" Mama Zipu akamuuliza.

Mtoto hakulia.

"Wako," akasema.

Mama Zipu aliruka kutoka kwenye kiti hadi cherehani ikayumba. Alimkumbatia mtoto, akamnusa kichwa, akamwita jina lake mara nyingi, kwa sauti, mpaka wapita njia wakageuka. Alilia. Kisha machozi yakakauka na kilichobaki kilikuwa hasira, hasira safi, ya mama.

Mumewe alipofika karakanani kutoka kazini alimkuta anawasha taa. Akamweleza yote. Mume alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta neno lililo kwenye ncha ya ulimi.

"Simkumbuki," alisema, akaanza kulia. "Lakini nakuamini. Tuahirishe, mke wangu. Tusipoondoka, huyo bibi hana pa kwenda."

"Tusipoondoka, atakaa! Nimeshona mabegi ya watu mpaka vidole vimeota sugu. Safari yangu siiahirishi kwa ajili ya mtu asiyejua kuwa *twende* ni neno tu. Wewe ulilala njaa kwa sababu ya neno moja. Na yeye ana adabu za zamani kama za mama mkwe wako. Kaa hapo na mtoto. Mshike. Usimwachie hata mkono ukikwambia umeshika hewa."

Akaufungua mlango wazi. Akasema kuelekea kichochoroni, bila kunong'ona:

"Bibi! Lete hilo sanduku."

Halafu ikaja... krrr... krrr... ngozi ikikokotwa juu ya saruji. Harufu ya karafuu maiti ikaingia kwanza. Taa ikafifia.

"Hodi..."

Mama Zipu hakusema karibu. Kosa hulifanya mtu mara moja.

"Weka mezani," alisema.

Kikongwe alikuwa mfupi kuliko jana, na uso wake ulikuwa na kitu cha kitoto, mashavu ya binti wa miaka sita yaliyowekwa juu ya mifupa mikuukuu. Mumewe alipiga yowe. Mama Zipu alivuta kamba, akafunua mfuniko.

Viatu.

Viatu vya watoto. Vya shule, vya kitambaa, vya kuanzia kutembea. Vyote mguu mmoja mmoja. Juu kabisa ilikuwa ndara ya njano. Mama Zipu akaelewa kwa nini havikuwa na wenyewe, na kwa nini hakuna mji uliowahi kuwatafuta watoto hao: bibi alikalia nafasi ya kila mmoja, wakasahaulika.

Akalipindua sanduku zima, viatu vyote vikamwagika kwenye aproni aliyoivua na kuitandika sakafuni.

"Hivyo ni vyangu," kikongwe akasema, na taa ikazidi kufifia.

"Fundi hashoni sanduku lenye mizigo. Soma ukutani, bibi."

Macho ya kikongwe yalipanda kwenye maandishi mekundu. TOA VITU VYAKO KWANZA. KITAKACHOSAHAULIKA NI CHA FUNDI. Midomo yake ikatembea. Kitu kikanguruma kifuani mwake, lakini hakusogea. Alikuwa ameingia kwa neno, na neno lilikuwa limemkalisha.

"Umeniambia halifungi," Mama Zipu akasema. "Si ndiyo?"

"Halifungi."

Akakaa kwenye cherehani, akashona. Alitumia uzi wa njano na sindano nene ya ngozi. Aliipitisha zipu mpya pande zote nne, kisha akairudia, tundu kwa tundu, meno ya juu na ya chini pamoja, na mwisho akakiponda kichwa cha zipu kwa nyundo. Hakuwahi kushona vibaya kwa makusudi maishani mwake, na hata hili hakulishona vibaya. Alilishona lifunge.

Akainuka. Akamnyooshea sanduku kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu mdogo kumpa mkubwa.

"Haya, bibi. Limefunga. Karibu, twende."

Kikongwe akalipapasa. Halikuachia hata upenyo wa kucha. Uso wake ukalegea kwa furaha ya mzee aliyetendewa wema, akainama kidogo, akalipokea kwa mikono miwili, na mazoea ya kale yakamtoka mdomoni kabla hajayawahi.

"Asante, mwanangu."

"Baba watoto," Mama Zipu akasema, "umesikia?"

"Nimesikia," mumewe akajibu, meno yakigongana. "Amekaribishwa, akasema asante."

"Amekataa. Mimi ni shahidi na wewe ni shahidi. Safari njema, bibi. Sisi ni wanne."

Kikongwe akafungua mdomo mkubwa kuliko uso. Hakikutoka kitu ila ubaridi. Taa ikazimika.

Ilipowaka, mezani palikuwa na vumbi, na mumewe alikuwa amemkumbatia kitinda mimba, analitaja jina lake, jina lote, na majina ya utani, hata yale aliyomwita alipokuwa kichanga.

"Baba, unanibana," mtoto akasema.

Ndipo, ng'ambo ya barabara, mpiga picha alipopiga kelele. Haikuwa kelele ya hofu. Lilikuwa jina. Jina la msichana ambalo hakuna aliyewahi kulisikia mtaani. Alikuja mbio, kiti kidogo mkononi, akasimama mbele ya aproni iliyojaa viatu, akachagua kimoja chekundu bila kuuliza. Akakaa chini sakafuni akakibana kifuani.

"Nilikuwa naye," alisema. "Mama Zipu, mimi nilikuwa naye!"

Mtoto mwenyewe hakurudi. Kumbukumbu tu ndiyo iliyorudi, na Mama Zipu mpaka leo hajui kama alimtendea mtu huyo wema au ukatili. Vile viatu vingine alivipanga rafuni. Mara moja moja hupita mgeni, akasimama dirishani, akaanza kulia bila kujua sababu, na Mama Zipu humfungulia mlango.

Safari ilifanyika. Walipita chini ya daraja, baba akazihesabu nguzo. Kijana aliimba uwanjani mpaka sauti ikakauka. Mama Zipu aliiona mikanda ya mizigo na aliwafokea watupa masanduku kwa lugha wasiyoielewa, wakamwelewa. Wakimaliza kila kituo walisimama wakajitaja kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na aliyewacheka aliwacheka.

Cha mwisho kilikuwa mlima. Kitinda mimba aliishika theluji kwa mikono miwili, akaiweka shavuni, akapiga kelele kwa raha, na mama yake akafikiri: kwa hili ningepigana na kumi kama yule.

Jioni walirudi nyumba ya wageni, kitinda mimba na bonge la theluji mkononi. Mpokeaji wageni, kijana mchangamfu aliyejifunza maneno mawili matatu ya lugha yao, akawanyooshea funguo.

"Samahani, mama," alisema. "Kuna bibi alipita. Ana sanduku limeshonwa kwa uzi wa njano, halifunguki. Anauliza kama humu kuna fundi wa zipu."

Pale mapokezi palikuwa na harufu hafifu ya karafuu maiti. Nyuma yao mlango wa vioo ulifunguka wenyewe, taratibu, na mumewe, mtu wa adabu tangu kuzaliwa, akageuka na mdomo tayari umeshafunguka.

"Kari..."

Kitinda mimba akamziba kwa kiganja chenye theluji.

Mama Zipu hakugeuka. Alichukua funguo, akamshika binti yake mkono, akaupandisha mzigo begani.

"Mwambie," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "fundi yuko likizo."