Damu Iliyopimwa Haikuwa Yangu

Nilimwona kwa macho yangu mawili... rafiki yangu wa kufa na kuzikana, anamwaga damu yangu kwenye sinki la jikoni!

Jamani, nilijibanza nyuma ya mlango.

Alikuwa ametoka kunitoa damu chumbani muda huo huo. Nikajikongoja kufuata maji ya kunywa, nikamkuta amenipa mgongo, bomba limefunguliwa, damu yote inateremka. Kisha akatoa kichupa kingine kwenye pochi, kimejaa tayari, akakibandika jina langu!

Nikarudi kitandani kimya kimya.

Ngojeni niwaeleweshe. Mama yangu mzazi alinipa figo yake. Dawa ninazomeza ili mwili usiikatae zinashusha kinga, na virusi vilivyolala mwilini vinaweza kuamka. Ndiyo maana maabara hupima damu yangu kila mara. Virusi vikionekana, natibiwa mapema kabla figo haijaharibika.

Rafiki yangu ni muuguzi. Alijitolea kunitoa damu nyumbani na kuipeleka mwenyewe. Majibu yakawa safi kila mara... huku homa haishuki na macho yanaona ukungu!

"Shoga, ni uchovu tu," aliniambia.

Mume wangu naye ananishika mkono, analia. "Utapona, mke wangu."

Mume alipoondoka kwenda kazini, nikajikokota hadi maabara. Daktari wa pale akanisikiliza, akanitoa damu yeye mwenyewe. Majibu yalipotoka, akafunga mlango.

"Dada, virusi vimejaa. Ungechelewa kidogo tu, tungekupoteza."

"Na ile aliyoleta rafiki yangu?"

"Haina virusi. Haina hata chembe ya dawa zako! Si damu yako."

"Ni ya nani?"

"Niachie, naichunguza."

Nilitaka kupiga mayowe. Sikupiga. Niliapa moyoni: huyu mwanamke nitamuumbua mchana kweupe!

Nikaanza tiba kwa siri. Nyumbani nikaendelea kujilaza na kugumia, kumbe nguvu zinarudi! Alipokuja tena na sindano, nikampa mkono huku natabasamu.

"Asante shoga. Bila wewe ningekuwa wapi?"

Alipotoka, nikamfuata kwa teksi. Askari tuliowaita mimi na daktari walikuwa wameketi maabara, wamechanganyika na wagonjwa. Alipokabidhi tu kichupa, wakamzunguka. Nami nikaingia, nimesimama wima. Alikodoa macho kama ameona maiti inatembea!

"Damu yangu iko wapi?"

"Si... si ndiyo hiyo?"

Daktari akadakia. "Ile uliyoleta mara iliyopita nimeipima vinasaba. Ni ya mwanamume!"

Mwanamume?! Hata mimi nilikuwa sijui.

"Mwanamume gani?" nikamgeukia shoga yangu.

Akaangua kilio. "Alisema ukifa atanioa!"

"Nani?!"

Akaitazama pete yangu ya ndoa.

Nikarudi nyumbani na askari wawili. Mume wangu yuko sebuleni, joto lote lile, shati la mikono mirefu.

"Mke wangu! Umeinukaje?"

"Kunja shati."

"Ya nini?"

"Kunja!"

Askari akamkunjia. Alama za sindano zimejaa kwenye mkunjo wa kiwiko, mpya na za zamani.

"Kwa nini hukuniacha tu?"

Akainamisha kichwa. "Watu wangesemaje... nimemwacha mke mgonjwa?"

Mnaona? Talaka aliionea aibu. Msiba ungemletea rambirambi!

Wote wawili wako ndani sasa.

Wewe unayesoma hapa, kama unaishi kwa kiungo cha kupewa, damu yako ipeleke mwenyewe, majibu yasikie kwa masikio yako. Mwili ukikuambia unaumwa na majibu yanasema mzima, pima tena!

Na msinijie na habari za kusamehe. Mume wangu aliniita gerezani aniombe msamaha. Nilikwenda. Nikavaa gauni langu zuri, nikapaka rangi ya mdomo, nikakaa mbele yake bila kutoa neno hadi muda ukaisha.

Nilitaka tu aone nilivyonenepa.