Pamba Hacheui

Wilkista wa Sirisia alijua ng'ombe. Alizaliwa kwa watu wa ng'ombe, akaolewa kwa watu wa ng'ombe. Kila asubuhi aliwatazama midomo kwanza. Ng'ombe anayecheua, roho yake imetulia.

Mumewe, Absalom, alifanya kazi Kitale. Siku moja alirudi kwa lori na sungura mweupe ndani ya kikapu. Ilikuwa zawadi ya binti yao, Nanyama, naye akamwita Pamba. Akifunguliwa jioni, Pamba aliruka juu, akajipinda hewani, akauzunguka ua mbio.

Mvua zikaja. Asubuhi moja Wilkista alikata majani ya viazi vitamu yenye umande, akajaza kizimba cha Pamba. Ilipofika adhuhuri Pamba alikuwa amejikunja pembeni, macho nusu yamefungwa. Meno yake yalisagana, krr, krr.

"Mama, Pamba anaumwa."

"Anaumwa wapi? Si unaona anacheua? Ameshiba huyo."

"Lakini leo hajaruka."

"Wewe wa juzi utanifundisha mifugo? Nenda uchote maji."

Nanyama akaenda akifuta machozi. Wanawake walikuwa wakipita kutoka soko la Chwele, na Wilkista akawaita. "Njooni muone ng'ombe wangu mdogo anavyocheua."

Wakacheka wote, isipokuwa Cheptoo. Huyu alikuwa jirani aliyefuga sungura alipokaa Kitale. Alichuchumaa, akatega sikio.

"Mama Nanyama, huyu hacheui. Sungura hana tumbo la kucheua."

"Sasa anatafuna nini, bana?"

"Maumivu. Sungura halii ovyo kama mbuzi. Ukimpapasa akiwa na raha, meno hugongana polepole, unasikia kidogo tu. Yakisagana kwa nguvu hivi, naye amejikunja, anaumia. Amekula nini?"

Wilkista aliyatazama yale majani. "Niliyakata na umande," alisema kwa sauti ndogo.

"Tumbo limejaa hewa."

"Ati ng'ombe mdogo," mwanamke mmoja alinong'ona. Wilkista hakujua auweke wapi uso wake.

Cheptoo aliondoa majani yote mabichi. Aliweka nyasi kavu na maji safi, akamfunika Pamba kwa gunia. Kisha akamwonyesha Wilkista jinsi ya kusugua tumbo taratibu, bila kulibonyeza.

"Akipiga mguu wa nyuma chini, ameogopa, labda ameona mbwa. Akinguruma ukitia mkono, hataki kushikwa. Mtazame mwili wote, si mdomo peke yake."

"Atapona?"

"Akinya, kuna matumaini. Mngeniita mapema, dada. Nani aliona kwanza?"

"Mtoto. Nami nikamfukuza."

Nanyama alirudi na mtungi kichwani. Wilkista akaupokea, akautua mwenyewe.

"Ulisema kweli, mwanangu. Nilikukemea bure. Nisamehe."

Nanyama alimpita. Alikaa karibu na Pamba, yeye na mama yake wakasugua tumbo kwa zamu. Jioni vinyesi vidogo vya mviringo vilionekana juu ya nyasi. Wilkista alivitazama kwa furaha, lakini aliona haya kumtazama binti yake.

Tangu hapo majani yalianikwa kwanza, yakatolewa machache, na nyasi kavu hazikukosekana.

Absalom aliporudi aliuliza, "Sungura wetu hajambo?"

Wilkista alimgeukia binti yake. "Muulize Nanyama. Yeye ndiye anamjua."

Nanyama alimtazama mama yake.

"Jana aliruka, Baba," alisema. "Mama ndiye aliona kwanza."