Taa Iliyoogopa Fundi

Taa ya injini iliwaka katikati ya foleni ya kituo cha mafuta, honi zikilia nyuma. Mshonaji, peke yake kwenye usukani, akabaki ameikodolea macho. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, kuukuu, na kaka yake alikwisha kukata neno: ugonjwa usipojulikana kufikia Jumamosi, linauzwa chuma chakavu.

"Dada, injini inanguruma. Aliyezimika ni wewe."

Dirishani aliinama mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu iliyopigwa pasi. Fundi gani huyu anapiga pasi ovaroli?

"Gereji yangu ile pale. Njoo kesho, mashine ya kupimia itatuambia."

Alikwenda, kavaa gauni la njano alilolishona mwenyewe. Taa haikuwaka, mashine haikuonyesha kitu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu walikunywa chai wamekalia matairi, na jioni fundi akapiga simu.

"Mgonjwa wangu hajambo?"

"Gari au mimi?"

"Anza na wewe, mpenzi."

Lakini Alhamisi, boneti ikiwa wazi, kicheko cha fundi kilikatika.

"Nati ya betri ina mikwaruzo mipya. Nani mwingine anakutengenezea?"

"Hakuna."

"Niambie tu kama yupo. Mimi sichezewi."

"Nawe unavuta siku ili nije!" Akafunga mlango kwa kishindo, akaondoka.

Ijumaa kutwa simu ilinyamaza. Alishona mkono wa kulia wa blauzi mahali pa kushoto, akafumua, akakosea tena. Jioni kaka akaandika: *Mnunuzi anakuja kesho saa nne.* Mshonaji mwenyewe akampigia fundi.

"Ni mimi niliyefungua betri. Kila nikija kwako nachomoa waya kwanza, ili taa izime."

"Kwa nini, jamani?"

"Baba nilimpeleka kupimwa akitembea kwa miguu yake. Wakautaja ugonjwa, wiki ya pili tukamzika. Niliogopa na wewe utaje."



"Wahenga walisema mficha maradhi..." fundi akaanza, akaimeza sehemu iliyobaki. "Pole, moyo wangu. Ukichomoa betri, kompyuta ya gari inasahau yote. Umekuwa ukiniletea mgonjwa asiye na ulimi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tutaendesha pamoja. Usiguse kitu."

Walizunguka mitaa saa mbili nzima. Kwenye kona ya kushoto, taa ikawaka. Mshonaji akakanyaga breki, mkono ukakimbilia mlango.

"Iache iwake," fundi akamshika.

"Na kama injini imekwisha?"

"Tutajua. Kaa hapa na mimi."

Akachomeka mashine, akasoma, akalala chini ya gari na ovaroli yake safi. "Waya wa sensa moja ya kupimia injini umechunika! Ukikata kushoto unagusa chuma." Akaufunga kwa utepe, akaukaza mbali na chuma. Wakakata kushoto mara ishirini. Taa haikuwaka.

Saa nne kaka alikuwa langoni na mnunuzi.

"Haliuzwi," mshonaji akasema. "Ulikuwa waya tu, kaka."

Kaka alimtazama yule mwenye grisi mgongoni. "Na huyu ni nani?"

"Fundi."

"Fundi tu?" fundi akauliza.

"Mchumba, kama atasema mwenyewe."

Fundi akasema, palepale, mbele ya kaka mtu na mnunuzi wa vyuma aliyekuwa bado ameshika kamba ya kuvutia gari.