Vipandikizi vya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Nusrat alishuka kwenye mteremko ulio mbele ya nyumba yao, Ilomba, Mbeya. Hapo Mama alikuwa amechomeka vipandikizi vya maua ya zambarau, yale yanayotambaa na kubaki na majani mabichi mwaka mzima, ili yafunike ardhi mvua isije ikaubeba udongo. Kisha Mama akasafiri kwenda Kihesa, Iringa, kumuuguza mama mdogo Batuli aliyevunjika mguu.

“Likichanua ua la kwanza, mwanangu, nitakuja kuliona,” aliahidi.

Nyumba ilipoa. Hata chai aliyopika Baba haikuwa na tangawizi. Basi Nusrat aling'oa kijiti kimoja kimoja, akatazama kama kimeota mizizi, akakirudisha. Kesho yake aliving'oa tena.

“We Nusrat, unachimbua viazi?” Pendo, rafiki yake wa jirani, alimcheka.

“Naangalia tu!”

“Angalia, angalia. Wiki hii mtakula chipsi.”

Vijiti vikanyauka. Jioni moja Mama alipopiga simu, Nusrat alishindwa kujizuia.

“Mama, limechanua!”

“Kweli? Ahadi ni ahadi. Kesho napanda basi. Mama yako mdogo bado hawezi kusimama, lakini atajikongoja hivyo hivyo.”

Nusrat alirukaruka hadi mlangoni. Hapo akamfikiria mama mdogo peke yake, akijiburuta kuifuata ndoo ya maji. Akarudi polepole.

“Baba, naomba simu tena.”

Mama alipopokea, Nusrat alisema, “Nimekudanganya. Hakuna ua. Vyote vimekauka, nimeviua mimi. Mama... usije.”

“Asante, mwanangu,” Mama akasema. “Kaombe vingine kwa mama Pendo.”

Safari hii Nusrat alimwagilia bila kugusa. Mvua zilinyesha hadi zikakoma, na udongo haukuondoka. Baridi ilipoanza, Pendo alipiga kelele, “Njoo uone, viazi vyako vimechanua!”

Mama mdogo alikuwa ameshaanza kutembea. Mama alirudi, na kabla ya kuingia ndani akachutama mteremkoni.

“Mzizi hukua bila kuonekana,” Baba alimwambia Nusrat. “Ukiuchungulia kila siku, unaukata. Na uongo ungemleta mama yako mapema, ukamwacha mgonjwa sakafuni. Ukweli umemchelewesha tu.”

Nusrat alikuwa ameshika upindo wa kanga ya Mama, wala hakuuachia.