Injini Iliyorudishwa Nyumbani

Boneti ilikuwa ya moto, na gari halikuwa limewashwa tangu jana.

Verna Pruitt aliondoa kiganja, akamtazama mumewe. Dale alikuwa akifuta vumbi kwenye lile gari jekundu la milango miwili, la mwaka sabini, la zama zile vijana wa Flint, mji wa viwanda vya magari, walipotaka injini kubwa ndani ya gari dogo. Wiki hiyo alikuwa amelirudishia injini yake ya kiwandani, yenye namba ileile ya bodi. Aliitafuta miaka mingi, akaikuta Ohio ikivuta maji shambani.

"Dale, mbona linachemka?"

"Jua hilo."

"Jua gani ndani ya gereji?"

"Mke wangu, unalionea wivu gari?"

Verna akaingia jikoni, akampigia simu Orville, mzee aliyewauzia bodi bila injini. Akamweleza kwamba injini imerudi na boneti inachemka.

"Binti yangu, ile injini niliing'oa kwa mikono yangu. Gari lilimuua kaka yangu, likamuua na mkwe wangu, huku funguo zikiwa mfukoni mwangu. Lililomo humo linataka injini na bodi pamoja. Vikikaa mbalimbali, limefungwa. Mtoe mumeo hapo."

Ngurumo ikatikisa vyombo kabatini.

Alipofika gereji funguo zilikuwa zikining'inia ukutani, na injini ilikuwa ikiunguruma, na harufu ya nywele zilizoungua imejaa, na feni ilikuwa imemeza mkono wa kulia wa Dale hadi kwenye kiwiko, huku boneti ikifunguka na kumshukia mgongoni, ikifunguka na kumshukia, kama taya linalotafuna, naye hapigi tena kelele, anamwita mkewe kwa sauti ndogo, "Verna, kata, kata tu," hata Verna akatia mnyororo wa winchi kwenye injini, akazipiga boliti kwa nyundo mpaka zikakatika, akavuta.

Injini ikapanda. Mkono ukaenda nayo.

Hospitalini Dale alifumbua macho jioni ya siku ya tatu. Mkono wake wa kushoto ulilala kifuani; wa kulia uliishia kwenye bandeji.

"Injini imeyeyushwa," Verna akamwambia. "Bodi imepondwa. Yamekwisha."

"Sasa mbona mkono wa kulia umeshika kitu?" Dale akanong'ona. "Verna, nimeshika nini? Mkono hauachii."

 Verna alikuwa akitazama kifundo cha mkono wake mwenyewe, nyama ikibonyea mahali patano, kwa vidole vya moto asivyoviona, vinavyoteleza kwa oili, vikizidi kukaza.