Kundi la Kusubiri

Mara ya kwanza Ndeshi alipomwona Lesikar, kijana huyo alikuwa amesimama katikati ya soko la Kilombero, mbele ya meza ya mitumba ya Ndeshi, amevaa koti la kike.

"Kaka, livue hilo," alimwambia, akijizuia kucheka. "Ni la akina mama."

Lesikar alijitazama. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa vizuri, viatu vimejaa matope ya masika. "Mbona limenikaa?"

"Limekukaa. Ila ukipita nalo mjini utaitwa shangazi."

Akacheka, akalivua, akaishia kununua sweta ambalo hakuwa na shida nalo. Aliondoka akigeuka nyuma, na Ndeshi akajikuta anaiweka sawa khanga yake kiunoni ilhali haikuwa imelegea.

Siku chache baadaye wakakutana tena, safari hii katika ukumbi wa kanisa. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Ndeshi tangu amalize shule kilikuwa kimeuzwa, na wafanyakazi wengi wamepunguzwa, naye akiwa mmojawapo; ndipo akaanza kuuza mitumba. Mama Tabitha, mshauri nasaha, aliwaita waje wakae pamoja, wazungumze yaliyowapata. Aliyekuwa akigawa karatasi za maswali alikuwa Lesikar. Alisomea ushauri nasaha, na alitaka kujua kama kuzungumza kwenye kundi kunambadilisha mtu kweli, au ni siku tu zinazopita.

Kwa hiyo watu waligawanywa kwa kura. Kundi moja lianze mazungumzo mara moja. La pili lisubiri, likijibu maswali yaleyale. Ndeshi aliangukia la kusubiri.

"Yaani sisi tunapimwa tu, dawa hatupewi?" alimuuliza mlangoni.

"Mtapewa, zamu yenu ikifika. Vumilia kidogo, dada wa makoti."

Lesikar mwenyewe hakungoja zamu hiyo ifike. Alianza kupiga simu kwenye duka la Salha, jirani yake Ndeshi kule Sombetini, na Salha akawa anaita dirishani, "Ndeshi, mtu wako." Ndeshi aliongea ameegemea kaunta, kati ya sabuni na mafuta ya taa.

"Umekula?"

"Nimekula. Unaniuliza kama mtafiti?"

"Nakuuliza kama mtu aliyenunua sweta asilolihitaji."

Jumapili walitembea barabara ya Njiro, Ndeshi amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, Mlima Meru umejifunika mawingu. Alimweleza mambo mengi. Moja hakulieleza: kwamba kila siku bado aliamka alfajiri, akaoga, akavaa sare ya kiwanda, kisha akakaa kitandani mpaka kukuche, kwa kuwa hakukuwa na zamu ya kwenda.

Siku ya maswali ya pili ilipofika, karatasi iliuliza kama wiki hiyo ameona maisha hayana maana. Asubuhi ileile alikuwa amekaa na ile sare. Aliinua macho, akamwona Lesikar anamtazama kwa matumaini. Akaweka alama kwenye "hata kidogo". Aliporudi nyumbani alishindwa kujua kama amedanganya. Kweli alikuwa na furaha. Kweli pia alikuwa amelia.

Baada ya hapo Lesikar akapiga simu, sauti yake imekauka.

"Majibu yako yamebadilika kuliko ya mtu yeyote."

"Si jambo zuri?"

"Wewe uko kundi la kusubiri, Ndeshi. Hukupaswa kubadilika namna hiyo. Ni mimi nimevuruga, kwa kuzungumza na wewe kila siku. Nimekuondoa kwenye utafiti. Na ni bora tusionane kwa sasa."

Dukani watu walikuwa wanasubiri unga. Ndeshi alirudisha mkonga wa simu taratibu.

"Amekuacha?" Salha aliuliza.

"Sijui, shoga. Ameniondoa kwenye utafiti au ameniondoa kwake, sikuelewa."

Simu haikulia tena. Zamu ya kundi lake ilipofika, nusura asiende. Alikwenda kwa hasira tu, aone kama Lesikar atathubutu kumpa karatasi. Hakuwepo. Waliketi kwa duara, na mzee mmoja wa idara ya rangi akasema bado anasikia mashine usingizini. Hapo Ndeshi akajisikia anaongea. Akaisema ile sare. Hakuna aliyecheka; dada mmoja alisema yeye huvaa mpaka viatu.

Vikao vilipoisha, Mama Tabitha mwenyewe alimpa maswali yale, nje ya utafiti. Safari hii Ndeshi aliweka alama za huzuni karibu kila mahali. Lakini siku hizi alikuwa analala, na ile sare ameifunga kabatini.

"Mama, nimepona au nimeharibika zaidi?"

"Mwanzoni ulikuwa unamjibu nani?"

Ndeshi aliinama. "Nilikuwa namjibu yeye."

"Alinieleza yote, na nikamkemea. Nikamwambia akae mbali mpaka zamu yenu iishe, usije ukajifanya umepona kwa ajili yake. Hakukwambia?"

"Aliniambia, mama. Ila aliniambia vibaya."

Jumamosi, Lesikar alikuja sokoni. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya meza, mikono mitupu.

"Nilikosa namna ya kusema," alianza. "Halafu nikaogopa. Sikujua kama nakupenda wewe, au napenda kuona unapona."

"Na mimi sikujua kama nakupenda, au nilikuwa mpweke." Ndeshi alikunja suruali ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Bado sijui vizuri."

"Mimi najua kitu kimoja. Nataka kwenda kwenu Machame, niwasalimu wazee wako, niseme nia yangu. Ukikataa, nitaelewa."

Wateja walipita, mmoja akauliza bei, Ndeshi akamtajia.

"Nenda," alisema hatimaye. "Lakini usimwambie baba kwamba nimepona. Bado nina huzuni, Lesikar, na bado nakutaka. Ukiniuliza hali yangu nikakujibu vibaya, usikimbie tena."

"Sitakimbia. Leo hali yako vipi?"

"Leo vibaya kidogo," alisema Ndeshi, akasogea kumpisha kwenye benchi.

Lesikar akakaa.