Nafasi Kando ya Marita

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu: kumpokea mtoto ufukweni mwa ziwa, karibu na mlango wa mto Kiwira, na kuvuka naye kwenda ng'ambo kabla giza halijaingia.

Ilikuwa enzi ya Wajerumani, miaka michache kabla ya vita. Mimi nilikuwa mwalimu upande wa Waingereza, ng'ambo ya mto Songwe. Mke wangu, Veronika, alikuwa amefariki mwanzoni mwa masika. Hatukujaliwa mtoto. Alipokuwa mgonjwa aliniomba nimchukue Marita, mtoto wa marehemu dada yake, aliyekuwa akilelewa kijijini Makwale, upande wa Wajerumani. Baba wa mtoto alikuwa amemkataa. Marita alikuwa pacha, na mwenzake alikuwa amekufa.

Kwetu Unyakyusa wakati ule pacha waliogopwa. Pacha aliyekufa hakutajwa kabisa. Hata Veronika hakumtaja. Alisema tu, "Mchukue aliyebaki. Niahidi."

Nikaahidi.

Shemeji yangu Ambilikile, kaka yake Veronika, alitokea kwenye migomba akiwa amembeba Marita mgongoni. Akamtua mchangani. Mtoto alikuwa na umri wa kama miaka mitatu. Hakulia. Alinitazama kama mgeni anayesubiri kuambiwa akae wapi.

"Ugonile, mwalimu," alisema Ambilikile, akafungua kapu lake. Akatoa kaniki ndogo mbili, vibakuli viwili vya udongo na ndizi mbivu mbili.

"Mtoto ni mmoja, shemeji."

"Ndiyo. Lakini mahali pake ni pawili. Kila utakachompa huyu njiani, weka na kingine kando yake. Usiache..."

"Basi," nikamkata. "Mwaka huu nimezika vya kutosha. Sitabeba na mambo ya waliokufa."

Nikachukua kaniki moja, kibakuli kimoja, ndizi moja. Vingine nikamrudishia. Alivishika kwa muda, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Ndaga fijo," alisema polepole. "Asante, mwalimu. Umenipunguzia mzigo."

Mwenye mtumbwi, aliyekuwa ameyasikia yote, alikuwa Sadoki, mvuvi wa Kikisi kutoka Ikombe, mtu wa maneno mengi. "Pandeni! Mwalimu mbele, mtoto katikati. Na msijitikise, mtumbwi huu una wivu."

Nilikaa nikimwelekea mtoto. Marita hakukaa katikati. Alijibana upande wa kulia, akaacha nafasi kushoto kwake.

"Katikati, bibi mdogo," Sadoki akamwambia.

Akasogea. Baada ya muda akarudi palepale.

Ziwa lilikuwa limetulia. Nyuma yetu milima ya Ukinga ilianza kuwa myeusi. Sadoki alipiga kafi, akaguna, akapiga tena.

"Mwalimu, umepakia mawe?"

"Mawe ya nini?"

"Wewe ndiye uliyesoma, niambie. Mtumbwi wangu haujui kusoma. Unajua uzito tu. Na unaniambia tuko wanne."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Matete ya mlango wa Songwe yalipoanza kuonekana, tuliona moshi ukiinuka ziwani. Moshi bila moto, mrefu kama mnara, ukija upande wetu. Ulikuwa usubi wa ziwani, wale wadudu wadogo ambao wanawake wetu huwanasa kwa vikapu na kuwapika mikate.

"Kesho wao ndio watapikwa," alisema Sadoki. "Leo wanatupika sisi. Fumbeni midomo!"

Ukatuangukia.

Sikuona tena kichwa cha Sadoki. Sikuona mkono wangu mwenyewe. Kulikuwa na mvumo tu, na harufu ya samaki na tope bichi. Wadudu waliniingia puani, masikioni, chini ya kola. Nilimfunika Marita kwa kaniki yake nikainama juu yake.

Nikasikia akitafuna ndizi. Kisha akaacha kutafuna, akanong'ona.

"Marita, unasema na nani?"

"Anasikia baridi," alijibu.

Nikatega sikio. Chini ya mvumo ule kulikuwa na pumzi ya mtoto, ndogo, ya haraka.

Na nyingine... ikiifuata.

Usubi ulipoanza kupungua, kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa gogo lililosimama majini, na ndege mnandi juu yake. Sadoki akapiga kafi kwa nguvu. Tukalipita. Baada ya muda gogo likatokea tena mbele yetu. Mnandi alikuwa hajasogea.

"Tulishapita hapa," nikasema.

Sadoki hakuwa akitazama gogo. Alitazama katikati ya mtumbwi.

Usubi ulikuwa umetua kila mahali: kwenye kingo, kwenye kafi, kwenye magoti yangu. Ulikuwa umetua pia kwenye ile nafasi, kushoto kwa Marita. Lakini haukuwa umetua chini.

Ulikuwa umetua juu ya mtoto.

Mtoto aliyekaa amekunja magoti. Sikuona ngozi, niliona wadudu tu, maelfu, wakitambaa juu ya umbo lake: bega, shavu, mkono mwembamba. Kiunoni walijipanga kwa mstari wa vifundo vidogo, kama waliotua juu ya shanga. Na pale palipopaswa kuwa na mdomo, pakafunguka tundu jeusi.

Mkono ule ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa Marita. Niliona ngozi ya Marita ikibonyea.

"Usipige kelele," Sadoki alinong'ona. "Mwalimu... huyo ni mwenzake. Kamfuata."

"Piga kafi."

"Napiga!"

Gogo. Mnandi. Gogo tena. Mtumbwi ukalalia kushoto, na maji yakaanza kuingia kimyakimya.

"Mrudishe mtoto kwao," alisema Sadoki. "Au mweke pale kwenye matete. Hapo tutapona."

"Nimwache kwenye matete?"

"Si wako! Umempata leo."

Sijui kama alimaanisha ukatili. Mtu anayezama husema yaliyo karibu na ulimi. Lakini mimi nilikuwa nimebakiwa na ahadi moja tu duniani, nayo ilikuwa imekaa mbele yangu na kaniki yake imelowa.

Nilimvuta Marita nikampakata paja la kulia. Alikuja, lakini mkono wake ulibaki nyuma, umenyooka, umeshikwa. Alianza kulia, kwa mara ya kwanza. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu yangu.

Nikafungua mkono wa kushoto.

"Njoo," nikasema. "Na wewe njoo."

Mvumo ukakatika.

Usubi wote ukaanguka kwa pamoja, kama majivu, na katikati ya mtumbwi pakawa patupu. Kisha kitu kikapanda paja langu la kushoto. Baridi. Kimelowa. Kikajilaza kifuani pangu taratibu, kama mtoto aliyechoka.

Kafi la Sadoki likashika maji. Gogo likabaki nyuma, na halikutokea tena.

Tulifika ng'ambo giza likiwa limeshaingia. Sadoki alitushusha akageuza mtumbwi bila kuniaga wala kusubiri ujira wake. Mzee mmoja aliyelinda mitumbwi ya pale alikuja na taa, akaniinulia usoni.

"Pole na safari, baba. Watoto wamechoka." Akasogeza taa kushoto. "Huyu mwingine mbona hana nguo?"

Kiangazi kilichofuata Ambilikile alikuja kumwona Marita. Alimkuta amenenepa, anacheka, amejilaza katikati ya mkeka. Alifurahi. Tulipokwisha kula nilimweleza habari za ziwani, nikamwomba radhi kwamba sikumjali mwenzake Marita.

"Mwenzake?" alisema. "Mwenzake alikuwa mvulana. Nilimzika kwa mikono hii. Ametulia, hajamsumbua mtu."

"Niliyemwona mimi alikuwa na shanga kiunoni."

Ambilikile akaweka kibakuli chini.

"Vile vitu vya pili havikuwa vya marehemu," alisema. "Vilikuwa vya kuziba nafasi. Pacha aliyebaki ana nafasi kando yake, na ukisafiri naye nafasi ile ikiwa wazi, yeyote aliye njiani anaweza kuikalia. Ndilo nililotaka kukuambia ukanikata. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia njoo."

"Ukampakata?"

"Nikampakata."

Alivuta kigoda chake nyuma, mbali nami. Kwetu mtoto akipakatwa na kuitwa mbele ya shahidi, amepokelewa. Harudishwi. Hilo nililijua kabla ya kujua kusoma.

"Ni nani, shemeji?" nikauliza.

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye baba yake."

Hakulala kwangu usiku ule.

Nimejaribu kujielezea mambo haya kwa utulivu. Nilikuwa na msiba, nilikuwa na uchovu, labda na homa. Daktari wa misheni alilibonyeza paja langu la kushoto asione kitu. Mara mbili nilikwenda Songwe ili nivuke kurudi kwetu, wazee wanioshe kwa dawa. Mara zote mbili wenye mitumbwi walinikataa nilipotia mguu tu, wakisema chombo kinazama. Sasa kuna vita na mto umefungwa. Marita yu mzima, anasoma, hakumbuki lolote. Ahadi nimeitimiza.

Kila jioni, nikikaa kitini, uzito ule hunijia pajani. Nilijifariji kwamba ni mtoto wa watu aliyekufa maji, anayetaka mahali pa kupumzika tu. Lakini mfu hakui. Mwaka ule kichwa chake kiliishia kifuani pangu.

Jana nilihisi pumzi yake sikioni.